FJR1300 mbili za mtumba: ya kilomita chache iliyolala, au iliyotembea 88,000?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Morogoro, nimeendesha Boxer miaka minne halafu ya cc 250 miaka mitatu, sasa nataka pikipiki ya safari ndefu, nakwenda Mbeya kwa wazazi mara tatu nne kwa mwaka na mke anakaa nyuma. Nimepata Yamaha FJR1300 mbili hapo Dar. Moja ni ya 2006, ilitoka Uingereza, saa ya mwendo inasoma 31,000, mwenyewe anasema imelala tu nyumbani, inang'aa kama mpya. Nyingine ya 2004, ilitoka Ujerumani, ina 88,000, mabegi ya pembeni yana mikwaruzo, jamaa anaipanda karibu kila wiki na bei yake iko chini. Washkaji wote wananiambia funga macho chukua ya 31,000. Wewe unaonaje, na nikifika niangalie nini?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kabla hatujaenda popote nikuulize, hiyo 31,000 ni 31,000 ya nini? Umesema imetoka Uingereza, na kule saa za pikipiki zinahesabu maili. Angalia uso wa spidi, kama namba kubwa za nje ni maili na zile ndogo za ndani ndio kilomita basi na hesabu ya chini ni maili, na maili 31,000 ni karibu kilomita 50,000. Sisemi muuzaji anakudanganya, wengi wenyewe hawajui, wanasoma namba wanaitangaza hivyo hivyo. Ila hapo tayari pengo la washkaji wako limepungua sana.

Halafu kuna jambo zuri kwa pikipiki za Uingereza, kama jamaa bado ana karatasi za kule au anaijua namba ya usajili ya zamani, serikali yao ina ukurasa wa bure unaoonyesha kila ukaguzi wa mwaka ambao pikipiki ilipita na saa ilikuwa inasoma ngapi siku hiyo, na ilifeli nini. Dakika mbili tu kwenye simu. Ukikuta ukaguzi wa mwisho kule ilisoma 36,000 na leo inasoma 31,000, unarudi zako Moro na basi la mchana.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Mimi huku kwetu kilomita chache siziogopi wala sizishangilii, ninachoogopa ni pikipiki kulala. Pikipiki kubwa nyingi hapa mjini hazifi kwa kutembea, zinakufa kwa kukaa chini ya turubai, mwenye nayo yuko bize, anaiwasha Jumapili dakika tano asikie mlio halafu anaizima, na hizo dakika tano ndio zinaua zaidi kwa sababu injini haijapata moto wa kukausha unyevu na betri imetumika bila kurudishiwa chaji. Petroli ikikaa miezi inaanza kugeuka, inaacha utomvu kwenye nozeli na kwenye pampu, na FJR pampu yake iko ndani ya tenki. Tenki likiwa nusu hewa ya bahari inafanya jasho humo ndani, kutu inaanza juu ambako petroli haifiki. Mafuta ya breki yananyonya maji, pistoni za breki zinashika. Oili sili za shoku za mbele zinakauka mahali pamoja. Na panya, usicheke, panya wanapenda boksi la hewa la pikipiki iliyolala kuliko dari la nyumba. Mwaka juzi nililetewa moja ya cc 800, safi hujaona, kilomita 19,000, mwenyewe kainunua kwa bei ya juu kabisa, tukaanza na pampu, tukaenda tairi, tukaenda breki zote, tukaja kufungua tukakuta waya tatu zimetafunwa, alipomaliza alikuwa ametumia hela ambayo angechukua ya mwaka wa mbele zaidi.

Kwa hiyo ya 2006 nenda nayo hivi. Fungua tenki umulike na tochi pembeni juu, siyo kwenye petroli, ukiona rangi ya kahawia ujue. Nusa, petroli ya zamani inanuka kama rangi ya ukuta. Nyanyua kiti tafuta vinyesi vya panya na majani majani. Soma tarehe ya tairi, ubavuni kuna namba nne mwishoni mwa maandishi ya DOT, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, ikiandikwa 2316 ni wiki ya 23 ya 2016. Tairi la hivyo hata kama lina kashata zote limeshakuwa plastiki, kwenye mvua ya Kitonga na mke nyuma halifai. Uzuri saizi zake ni za kawaida, 120/70-17 mbele na 180/55-17 nyuma, hizo hutahangaika kuzipata kama wale wenye Honda ST1300 ambayo mbele inavaa rimu ya 18.

Kitu kingine cha hiyo 2006, na hiki hutaambiwa na muuzaji. FJR za 2006 hadi 2009 zina tatizo la athi, yaani waya za hasi, kwenye wayaringi. Kuna konekta ndogo zinazokusanya waya nyingi za athi pamoja, wenyewe wanaziita buibui, zinapata kutu, zinachemka, zinaungua, na ikitokea hivyo dashibodi inazima au injini inakata barabarani bila hodi. Yamaha yenyewe iliziita hizo pikipiki zirudishwe kurekebishwa, ila iliyovuka bahari ikaja huku nani ameirudisha? Muulize kama ilifanyiwa, na usipopata jibu la maana wewe jaribu, iwashe, washa taa ndefu, washa indiketa, bonyeza breki, cheza na usukani kulia kushoto mpaka mwisho. Dashibodi ikipepesa au injini ikikohoa umeshaipata. Siyo ugonjwa wa kuua, fundi umeme anayejua kazi anazifungua zile konekta, anaunganisha waya kwa kulehemu na kuvuta athi moja nene mpaka hasi ya betri, imekwisha, ila ni kitu cha kukatia bei.

Sasa ya 2004. Hii ukienda usiongee na mtu kwanza, sikiliza. FJR za mwanzo, 2001 mpaka 2005, baadhi yake zilikuwa na ugonjwa wa valve guide za ekzosi, ile mirija ambamo vavu inapanda na kushuka, kulika, inaanza tik tik tik juu kwenye silinda hedi, halafu inaanza kula oili. Sio zote, ila baadhi. Kosa wanalofanya watu wanasikiliza ikiwa ya baridi, wanaambiwa "hiyo kawaida ikipata moto inaisha". Mwambie mwenyewe muizungushe dakika ishirini, ikirudi na moto wake iache ingurume taratibu bila kuvuta mafuta, weka sikio kwenye mpini wa bisibisi ndefu na ncha ya bisibisi juu ya kava la vavu. Sauti laini kama cherehani ni sawa kabisa, injini ya silinda nne ya cc 1298 haiwezi kukaa kimya. Mlio mmoja mkavu unaotoka sehemu moja na haupungui injini ikipata moto, pikipiki hiyo iache. Angalia oili kwenye kioo chake, muulize anaongeza mara ngapi, na mtu mwingine afungue moto ghafla wewe ukiwa nyuma, moshi wa bluu ndio jibu.

Ukiiwasha ya baridi nako kuna la kusikia, kwa zote mbili. Mshindo wa cheni ya kamu, ile ya ndani ya injini inayoendesha vavu, sekunde moja mbili za mwanzo halafu unapotea, hapo tensheni ya cheni inaanza kuchoka. Ndio maana siku zote naambia watu mguse injini kwa mkono kabla haijawashwa, ikiwa ya vuguvugu ujue kuna kitu walikuwa wanakificha, omba urudi kesho.

Vavu zenyewe zinatakiwa zikaguliwe kila kilomita 40,000 hivi. Piga hesabu. Ya 88,000 ilitakiwa iwe imeshafanyiwa mara mbili, ya 2006 kama ni maili ilitakiwa iwe imeshafanyiwa mara moja. Nani ana karatasi? Kama jamaa wa 2004 atatoa bahasha ya risiti zenye kilomita na tarehe, hata za gereji ya mtaani, mimi naanza kumpenda. Ukaguzi huo sio wa kwenda kwa fundi wa kona, inabidi ushushe tenki, makava, uguse kamu, na shimu zake, vile vibati vya kurekebisha nafasi ya vavu, ni za kuagiza.

Upande wa nyuma FJR haina cheni, ina shafti, na watu wakisikia shafti wanadhani haitaki chochote. Inataka oili ya gia kama mililita 200 tu, ambayo hakuna mtu anaimwaga. Fungua nati ya chini kama mwenyewe ataruhusu, unga laini wa kijivu kwenye sumaku sio kesi, vipande vya chuma ni kesi. Iweke stendi ya kati, zungusha tairi la nyuma kwa mkono, isikwaruze wala isisimame sehemu. Ukiwa hapo hapo mwambie mtu akae nyuma ili gurudumu la mbele linyanyuke, zungusha usukani taratibu na kidole kimoja, ikitaka kukaa katikati yenyewe kama imepata kikalio basi stelingi beringi zimeisha, na kwa 88,000 na matuta yetu nitashangaa kama hazijabadilishwa. Bei ya beringi sio shida.

Mikwaruzo ya mabegi isikutishe. Pikipiki ina karibu kilo 290 ikijaa mafuta, kila mwenye nayo imeshamlalia siku moja akiwa amesimama. Mimi naogopa zaidi ile isiyo na mkwaruzo hata mmoja lakini boliti za fearingi, yale makava ya plastiki ya nje, zimeng'atwa kichwa na rangi za kava hazifanani juani. Ajali ya kweli inajificha kwenye shingo ya fremu, pale kuna vinundu vya chuma vinavyozuia usukani usizidi kukata kona, kama vimebonyea au vina rangi mpya iligonga kitu. Piga magoti pia uangalie chini, ekzosi na kava la oili zinavyokwaruzwa na matuta.

Nenda na mita ya umeme, ile ya bei rahisi inatosha. Betri ikiwa imepumzika isome 12.6 kwenda juu, injini ikiwa inazunguka kwenye elfu tatu nne isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu haichaji, ikipita 15 rektifaya, kile kifaa kinachodhibiti chaji, imekufa na inaua betri. Kama ina ABS, taa yake lazima iwake ukifungua ufunguo na iwe imezima ukishatembea, na zingatia hilo la kwanza, maana kuna wajanja wanatoa balbu. Kisha iache isimame inanguruma mpaka feni iwake yenyewe, kama geji inapanda na feni kimya, foleni ya Kimara itakumaliza. Klachi unaijua barabarani, gia ya juu, spidi 60, fungua moto wote, rpm ikiruka na spidi ikabaki, klachi imeisha.

Usiniulize kuhusu karatasi, unajua mwenyewe, namba ya chesisi kwenye shingo ya fremu na ya injini zifanane na kadi, kadi iwe na jina la huyo aliyesimama mbele yako, na hela ya mwisho itoke mkienda pamoja TRA. Hadithi za "ya shemeji yangu yuko Afrika Kusini" mwachie shemeji.

Kwa hiyo ningekuwa mimi? Ningeanza na ya 2004. Inatembea kila wiki, maana yake mafuta yake ni mapya, betri iko hai, na ingekuwa na ugonjwa mkubwa ungeshajitokeza. Kama haina tik tik ya moto na risiti zipo, chukua, na ile tofauti ya bei peleka kwenye stelingi beringi, tairi, mafuta ya breki na shoku ya nyuma ambayo lazima imechoka. Ya 2006 ina faida zake, mwaka ule waliipunguzia joto la miguu, na wewe na foleni utaisikia tofauti, mke ataisikia zaidi. Ila hiyo inunue tu kama mwenyewe atakubali kushuka kiasi cha tairi mbili, betri, kusafisha nozeli na tenki, na kazi ya athi. Akikwambia "lakini ina 31,000 tu", mwonyeshe uso wa spidi.

Na kwa vile umetoka kwenye cc 250, mwezi wa kwanza usimpakie mtu. Uzito wake unatulia ukishatembea, tabu ni kwenye kituo cha mafuta chenye mteremko na kokoto, hapo ndipo zinapoangukaga. Tenki lake ni lita 25, ukienda vizuri Moro mpaka Mbeya unasimama kujaza mara moja tu, nashauri iwe Iringa.