Wafuasi 2,000, nakala 11: nilishapita huko huko

Mkuu, nimesoma ulichouliza. Umetoa riwaya yako ya kwanza mwenyewe bila mchapishaji, una wafuasi 2,000, kila siku unaposti kava na linki, miezi miwili imekatika umeuza nakala 11, sasa unataka kujua ulipie tangazo au uachane nayo maana umeanza kujionea aibu. Usilipie kwanza. Mi nina vitabu vitatu sasa, na hicho cha kwanza nilikizika mwenyewe kwa mikono yangu hii.

Nilianza na ile akili ya kizuri chajiuza. Nikapandisha kitabu Kindle, lile duka la Amazon la vitabu vya kielektroniki, nikaposti mara moja, nikakaa nasubiri. Kimya. Kizuri chajiuza kikiwa mahali watu wanapita wakakiona, ila kwenye duka lenye mamilioni ya vitabu hakuna anayepita mbele ya chako hivi hivi tu. Nilipoona hivyo nikageuka nikawa kero, asubuhi kava, mchana kava, usiku kava na maneno "bado hujajipatia nakala yako?", mpaka ndugu zangu wakaanza kuni-mute na nadhani baadhi hawajaniondoa huko mpaka leo.

Halafu nikaingia kwenye magrupu ya waandishi, yale ya nifuate nikufuate. Namba ikapanda, nikafika elfu tatu na kitu nikaona mambo si haya! Siku moja nimekaa sina kazi nikaanza kupitia yale majina moja moja. Zaidi ya nusu waandishi wenzangu, waliobaki wengi wanauza kozi za uandishi na kudizaini kava. Yaani lilikuwa gulio la wauzaji watupu, kila mtu kashika bidhaa yake juu na hakuna mnunuzi. Na nahisi we ndo uko hapo hapo. Fungua orodha yako, chukua 50 wa juu, hesabu wangapi wanasoma riwaya za aina unayoandika. Ubaya zaidi ni kwamba hii mitandao inapanga nani aone posti kwa kuangalia watu wameishughulikia vipi, sasa ukijaza wafuasi wanaopita bila hata kusoma ujue wanakuzibia njia.

Kilichonifungua macho kilikuja kwa bahati tu. Nilikuwa nahariri kitabu cha pili, nikakuta aya moja nimeipenda, mjane anakuta barua ya mapenzi kwenye mfuko wa koti la marehemu mumewe, mwandiko anaufahamu, ni wa mdogo wake yeye mwenyewe. Nikaiposti hivyo hivyo bila kava bila linki. Aisee watu walivurugana kwenye komenti, huyu anasema amwambie mdogo mtu, huyu anasema achome barua anyamaze, mwingine akaanza kusimulia ya kwao. Katikati hapo mtu akauliza hiki kitabu kinaitwaje na kinapatikana wapi. Kitabu chenyewe kilikuwa hakijatoka! Nikamjibu ni cha pili, cha kwanza hiki hapa, na siku ile cha kwanza kikauza kuliko mwezi mzima wa kava zangu.

Tangu siku hiyo kava naiposti mara chache sana. Natoa kipande, aya mbili tatu, nakata kabla jibu halijatoka, na natafuta sehemu ambayo watu wawili wenye akili zao timamu wanaweza kugombana juu yake. Maelezo ya mandhari hata yawe matamu vipi hayafanyi kazi, nimejaribu. Wakati mwingine narekodi sauti nasoma mwenyewe, uso sionyeshi. Na usiende kuchota sehemu za mwisho kama nilivyofanya mara moja, msomaji akanifuata inboksi ananiambia umenimalizia utamu na pesa yangu nimeshatoa. Komenti zijibu zote, za kijinga pia.

Hapa kuna mtego. Kama umejiunga na KDP Select, ule mpango wa Amazon kwa waandishi wanaojichapishia, ujue kile kitabu cha kielektroniki umewafungia Amazon peke yao kwa siku 90, ukiendelea kumwaga sura nzima nzima Facebook unavunja mkataba. Sampuli isizidi asilimia 10. Cha karatasi hakihusiki.

Na linki za Instagram usiziandike chini ya picha, hazibonyezeki pale, weka kwenye profaili.

Sasa lililoniuma kuliko yote. Akaunti yangu kwenye mtandao mmoja mkubwa iliibwa, nikaandika kuomba msaada wee, majibu ya roboti tu, mwisho nikakata tamaa. Miaka minne ya wasomaji ikaenda na sikuwa na namba ya mtu hata mmoja. Hata isingeibwa, mtandao wenyewe unaweza kufungwa, Vine ilifungwa, Google+ ikafungwa 2019, waliokuwa na watu wao kule walibaki wanashangaa. Ndo maana sasa kila kipande kikichangamka naweka neno moja tu, anayetaka sura ya kwanza yote bure aniachie barua pepe. Nilifikisha 140. Kidogo eeh? Kitabu cha tatu kilipotoka niliwaandikia barua moja ya kawaida kama namwandikia rafiki, wakanunua 62 wiki ya kwanza. Wafuasi wangu wote elfu tatu hawajawahi kunifanyia hivyo. WhatsApp nayo inafaa, ila orodha moja ya kutangazia inabeba watu 256 na meseji inamfikia aliyekuhifadhi namba tu, hivyo usidhani wamekupuuza, inawezekana haijawafika.

Tangazo la kulipia nalitumia siku hizi, kwa staili moja: kipande kilichochangamka chenyewe bure ndo nakiongezea hela kidogo. Kilicholala nakiacha kilale. Kabla ya hapo punguza kava yako iwe kama ukucha wa kidole gumba kwenye simu, kama jina halisomeki rekebisha hiyo kwanza. Na maoni usiwaombe mama na shemeji, Amazon wanayafuta ya ndugu na marafiki wa karibu, ya kupeana na waandishi wenzako nayo hawataki.

Kuhusu aibu, mi iliisha yenyewe nilipoacha kuomba watu wanunue. Kumwonyesha mtu barua ya yule mjane sioni aibu, kumwambia "nunua" kila asubuhi naona mpaka leo.

Hebu weka hapa aya moja ya riwaya yako, ile iliyokusumbua zaidi kuiandika, kava usiweke. Tuone watu watasemaje.