Buku la mvua la Wete: nianze vipi maikroblogu?

SWALI: Assalaamu alaykum. Mimi ni mwalimu wa jiografia, Wete, Pemba. Mwaka wa sita huu naandika kwenye buku: mvua niliyoipima uani kwangu, upepo wa siku, maji yalivyojaa, tarehe watu walipoanza kuchuma karafuu. Mwanangu ananishikilia niyatoe mtandaoni kwa kitu anachokiita maikroblogu. Blogu ninayoijua mimi ni makala ndefu, na wakati wa makala sina. Hii fupi ni kitu gani? Watu wanaitakia nini na magurupu ya WhatsApp yamejaa? Na mtu akitaka kuanza anaanzia wapi?

JIBU: Waalaykumu salaam, Maalim. Kazi unayoiogopa kuianza umeshaifanya miaka sita. Maikroblogu ni buku lako lilelile, ila limewekwa wazi barazani. Unaandika jambo moja, fupi, likatoka na tarehe na saa yake. Kesho unaandika jengine, likakaa juu ya lile la jana. Anayependezwa anabonyeza kukufuata, na tangu hapo kila unachoandika kinamfikia. Blogu ya kawaida inakutaka uwe na makala. Hii inakutaka uwe na habari moja tu, hata kama ni "leo haikunya".

Mimi kazi yangu ni tovuti na mitandao ya ofisi, hapa Unguja, na kila nikitakiwa kuwafundisha watu uandishi huu huwaambia wasikilize matangazo ya vifo redioni. Sote tumekua nayo. Nani amefariki, ni ndugu wa nani, maziko ni wapi na saa ngapi. Hakuna utangulizi wala mapambo, na aliyesikia anajua cha kufanya: kukimbilia boti au kumpigia simu mjomba. Kisha inakuja ile "habari ziwafikie" fulani wa Chake Chake, fulani wa Mkoani, fulani wa Dar es Salaam. Hiyo ndiyo alama ya @ ya mitandaoni. Ukiandika @ na jina la mtu, mtandao unakwenda kumgonga bega. Alama reli, hii #, kazi yake ni nyengine: inakusanya maneno ya watu wasiojuana chini ya kichwa kimoja, hata anayetaka habari za mvua asilazimike kujua nani kaandika. Aliyeipendekeza ni Chris Messina, Agosti 2007, akiwa mtumiaji tu wa Twitter (X ya leo). Wenye mtandao hawakuvutiwa nayo mwanzoni. Watumiaji ndio walioishikilia.

Ufupi wenyewe una historia yake, nami siwezi kuipita. Mwaka 1985 Mjerumani Friedhelm Hillebrand, mmoja katika waliokuwa wakipanga taratibu za simu za mkononi, alikaa na taipureta akaandika sentensi za kawaida, maswali na majibu ya kila siku, akahesabu herufi, alama na nafasi. Karibu zote hazikufika 160. Alitazama na postikadi za watu, akaona hadithi ni ileile. Basi SMS ikawekewa mpaka wa 160. Twitter ilipozaliwa 2006 ilitegemea SMS, ikachukua 140 na kubakisha 20 kwa jina la mwandishi. Novemba 2017 wakaongeza hadi 280. Leo mitandao mengine ya aina hii nayo ina mipaka yake: Bluesky wanakupa 300, Threads 500, na Mastodon kwa kawaida 500. Sababu ya kiufundi imeshakufa zamani. Mpaka umebaki kwa kuwa watu wameuzoea, na kwa kuwa unamnyima mwandishi nafasi ya kuzunguka mbuyu.

Kiswahili kinakaa vizuri humo. "Hayajatufikia" ni neno moja, na ndani yake mna kitu, wakati, ukanushi na sisi tunaosubiri. (Kwa faida yako ya bando: SMS ukiitia kikatuni kimoja cha uso unaocheka, nafasi inashuka kutoka herufi 160 hadi 70, ndiyo maana ujumbe mmoja hukatwa pesa za miwili.)

Sasa hilo la magurupu, ambalo ndilo swali lako hasa. Unakumbuka kimbunga Hidaya, mwanzoni mwa Mei 2024. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa ikitoa tahadhari, safari za boti zikasitishwa, na tarehe 4 kimbunga kikapiga Mafia huku nguvu zake zikipungua. Siku mbili zile simu yangu haikutulia. Ujumbe "boti zimesimama" ulinifikia asubuhi, ukanifikia mchana, ukanifikia tena boti zikiwa zimeanza kutembea, maneno yaleyale, kila mara kutoka kwa mtu mwengine. Hakuna aliyesema uongo. Ujumbe wenyewe ulikuwa kweli saa ulipoandikwa, lakini ukishasambazwa kutoka gurupu hadi gurupu unamwacha nyuma aliyeuandika na saa aliyouandika. Mimi nimekaa na mama mmoja bandarini Malindi, hapa Unguja, mkoba mapajani, anasubiri kuambiwa kipi ni cha leo.

Chapisho la maikroblogu haliachani na saa yake wala mwenyewe. Mwengine akilirusha, linakwenda likiwa na jina lako na tarehe yako, na aliyelipata anaweza kubonyeza akafika kwako, akaona kama umeandika jengine jipya juu yake. Na gurupu ni chumba kilichofungwa: halizidi watu 1,024, kila mmoja anaiona nambari ya mwenzake, na anayetafuta kwenye Google hakioni kilichomo. Kwa kupanga arusi ni zuri sana. Kwa kumbukumbu ya mvua ya miaka sita ni sawa na kuandika mchangani maji yakiwa yanajaa.

Watu wengine wana sababu zao. Waandishi wa habari wamo kwa kuwa habari hutangulia humo: Januari 2009 ndege ilipotua mtoni Hudson, New York, picha iliyozunguka dunia mwanzo ilipigwa na abiria wa feri kwa simu yake, akaiweka Twitter kabla vyombo vikubwa havijafika. Wataalamu wamo kwa kuwa wanapata wenzao wa kuwauliza. Wapo wafanyabiashara, wapo mashekhe, wapo wanaoandika beti moja kila usiku. Na wapo waliokwenda kugombana tu, hao utawakuta, usiwajibu.

Wapi, basi. Mtoto wa jirani yangu angekwambia X, ndiyo Twitter ya zamani iliyobadilishwa jina Julai 2023 baada ya Elon Musk kuinunua. Mimi sikushauri. Mei 2025 X ilifungiwa Tanzania, na njia ya kuzunguka kwa VPN, yaani programu inayoupitisha mtandao wako pengine ili ufungue kilichofungwa, ina masharti yake. Tangu Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano inataka watumiaji wa VPN wajisajili. Mwalimu wa skuli hana haja ya kuanza shughuli ya mvua kwa kuruka ukuta. Isitoshe, wasomaji wako hawatauruka.

Mastodon naipenda mimi binafsi. Ilianzishwa 2016 na Eugen Rochko, na haina tajiri mmoja: ni seva nyingi (kompyuta zinazoweka akaunti za watu) zinazosikilizana, kama ambavyo mwenye laini ya kampuni hii humpigia mwenye laini ya kampuni ile. Seva moja ikikuchosha unahamia nyengine na wafuasi wako wanakuja nawe. Tabu yake ni hapo mlangoni, pale unapoambiwa uchague seva. Nimeona watu wazima wakizima simu. Bluesky, iliyofunguliwa kwa kila mtu Februari 2024, inafanana na Twitter ya zamani na mlango wake ni mmoja: barua pepe, neno la siri, jina, umeingia.

Lakini watu wa Wete hawako huko, Maalim, na wewe unaandikia watu wa Wete. Wako WhatsApp, mara nyingi kwa bando lisilofungua kitu chengine. Kwa hiyo fungua chaneli ya WhatsApp; chaneli, si gurupu. Humo unaandika wewe tu, wafuasi hawaoni nambari yako wala za wenzao, na mtu akilisambaza chapisho linakwenda na njia ya kurudi kwenye chaneli. Hapo ndipo pa kila siku. Kisha maneno yaleyale uyanakili Bluesky, dakika moja, ili yawe na pahala pa wazi ambapo mwanafunzi wa chuo kikuu au mtafiti wa mbali atayakuta bila kukujua. Ukipenda kuifanya kazi hii ya pili mara moja kwa wiki, hapana ubaya.

Jina la akaunti lisiwe lako, liwe la jambo na mahala, kitu kama MvuaWete. Wewe ukistaafu, mwanafunzi wako aliendeleze. Kwenye maelezo mafupi chini ya jina ndiko pa kuwa mwangalifu: sema kipimo chako ni cha aina gani, kimekaa wapi, unakisoma saa ngapi. Watu wa hali ya hewa husoma mvua saa 3 asubuhi, saa 24 zilizopita. Nawe fuata saa hiyo, tarakimu zako zitaweza kuwekwa kando ya zao. Nambari ya simu usiweke. Washa uthibitisho wa hatua mbili (neno la siri, kisha na nambari ya pili ya kuthibitisha kuwa ni wewe) siku hiyohiyo ya kwanza, maana akaunti zinazoibiwa ni zile za watu waliosema "nitafanya kesho".

Chapisho la kwanza liwe hivi:

"Wete, saa 3:00 asubuhi. Mvua tangu jana asubuhi: mm 31. Nimepima mwenyewe uani kwangu. #MvuaWete"

Hazifiki herufi 100. Mahala, saa, jambo, nani anasema. Neno "nimepima" usilisahau, na siku utakapoandika ulichoambiwa, andika "nimeambiwa na mvuvi". Ukikosea, usifute kimyakimya, andika jengine: "Jana niliandika 31, ni 13." Watu humwamini zaidi anayejisahihisha hadharani, na anayeshindwa kujisahihisha hujulikana mapema.

Wiki nzima ya mwanzo andika bila kumwambia mtu. Machapisho saba. Atakayekuja siku ya nane akute ukurasa wenye kitu. Ukurasa mtupu unaosema "karibuni" haufuatwi na mtu. Na buku la miaka sita usilimwage lote kwa siku moja, wasomaji watakukimbia. Lichote taratibu: "Tarehe kama ya leo mwaka jana: mm 4." Kila siku unayoandika jipya, ambatisha la zamani. Wenye kurasa za mvua wako wengi duniani, ila wa kusema masika ya mwaka huu Wete yalivyo kando ya matano yaliyopita, kwa kipimo kilekile, ua uleule, ni wewe. Bamvua (maji yakijaa sana) na maji mafu (yakijaa kidogo) na siku ya kwanza ya karafuu yaingize vivyo hivyo, kwa siku zake.

Mambo mawili ya sheria. Utabiri na tahadhari si vyako. Sheria ya 2019 imeipa Mamlaka ya Hali ya Hewa kusimamia shughuli hizi, basi kabla ya kuanza pita ofisini kwao pale uwanja wa ndege wa Pemba, wape salamu, waoneshe buku, uwaulize wanataka nini kwako. Wewe andika iliyokwishanya, itakayonya waachie. La pili ni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inayotumika na Zanzibar pia. Kifungu cha 16 kinamhusu anayechapisha habari akijua ni za uongo au za kupotosha: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote pamoja. Kipimo chako hakikufikishi huko. Kinachoweza kukufikisha ni siku utakaposhawishika kurusha video ya mafuriko uliyotumiwa, ambayo huenda ni ya nchi nyengine na mwaka mwengine.

Picha weka, za kipimo, za bahari, za majamvi ya karafuu. Za wanafunzi usiweke, hata wakikuomba wao.

Na buku la karatasi, Maalim, liendelee. Andika humo kwanza, ndipo uinue simu. Mitandao niliyowahi kuisifu mwenyewe na leo haifunguki inanitosha kuhesabu kwa mkono mmoja na vidole vinakwisha. Kiswahili chako cha Pemba pia usikibadilishe kwa ajili ya mtu.

Ukishaanza nitumie jina la chaneli. Nna shemeji Kojani, hukohuko Pemba, kila akipiga simu huniuliza mimi wa Mjini kama Wete mvua imenya.