Kwa mnaoanza kazi ya kutega panya Dar es Salaam

Siku ya kwanza ukifika mtaani na fulana ya mradi, watu watakuonyesha wanyama wanaowaudhi wao. Kunguru wa jalalani, popo wa mwembeni, paka wa jirani asiye na adabu. Sikiliza, andika, shukuru. Halafu omba wakuonyeshe wanapooshea vyombo na wanapomwaga maji machafu.

Nasema hivyo kwa sababu kazi yenu itakuwa hapo. Tukienda maeneo ya mabondeni, kama kandokando ya Mto Msimbazi, mvua kubwa ikinyesha panya wa mitaroni hufurika pamoja na maji na kuingia majumbani. Maji yakipungua, dimbwi linabaki uani, na mkojo wao umo. Mkojo huo ndio unaobeba bakteria wa leptospira, wanaoleta homa ya mgunda. Jua kali na ukavu huwaua upesi, lakini kwenye tope na maji yaliyotuama wanaweza kukaa wiki kadhaa. Wala panya hana haja ya kukuuma. Mchubuko wa ndala kati ya vidole unatosha.

Wengi wetu tulisikia jina la ugonjwa huo Julai 2022, Wizara ya Afya ilipotangaza kwamba ndio uliokuwa ukiwasumbua watu wa Ruangwa, mkoani Lindi: wagonjwa 20 kufikia siku ya tangazo, na watatu kati yao walikuwa wamefariki. Tangu hapo wapo wanaoamini ni ugonjwa wa mashambani. Mtaro wa mjini haujui tofauti hiyo.

Sasa mitego. Kabla ya kutega, chuchumaa na tochi, umulike ukuta kwa ubavu, si uso kwa uso. Panya hapendi kukatiza katikati ya chumba. Anapita ukutani akipapasa kwa masharubu, kila usiku njia ileile, mpaka mafuta ya manyoya yake yanaacha ukanda mweusi juu kidogo ya sakafu. Mtego unakaa kwenye ukanda huo, ubavu wake ukigusa ukuta. Angalia na kinyesi: cha panya wa darini ni chembamba, kimechongoka ncha, cha panya wa mitaroni ni kinene na butu. Kikiwa kinang'aa na kinabonyea, alipita jana. Kikivunjika na kuwa unga, usipoteze mtego hapo. Chambo changu ni siagi ya karanga iliyokandwa na pumba na dagaa waliopondwa. Wapo wanaoapa kwa nazi iliyochomwa, na mimi sibishani nao, ila sisimizi nao wanaipenda.

Kinyesi kisifagiwe kikavu, hata mwenye nyumba akiwa ameshashika ufagio kwa aibu. Vumbi lake mtalivuta wote. Nyunyizia maji yenye klorini, subiri, futa kwa kitambaa kilicholowa.

Asubuhi wahini mitego kabla jua halijaipata. Ile ya bati huwa tanuri kwa muda mfupi, na panya aliyekufa kwa joto hana faida kwako wala kwa maabara. Glavu mnavaa, najua, mmefundishwa. Kinachowaponza vijana ni simu. Inaita, mtu anaitoa mfukoni kwa glavu zilezile zilizoshika mtego, anaiweka sikioni, na jioni anaila chapati huku akiperuzi. Mwachie simu mwenzako asiyegusa mitego, au iache kwenye gari.

Kuhusu watu wenyewe: usiingie nyumba yoyote kabla ya kuonana na mwenyekiti wa mtaa au mjumbe. Kisha shikamoo kwanza, daftari baadaye. Mama ntilie atakuogopa akidhani wewe ni bwana afya umekuja kumfungia biashara, kwa hiyo mweleze mapema kwamba huna mamlaka hayo na hutaki kuyapata. Usiulize kama nyumba ina panya. Hakuna atakayekubali mbele ya jirani. Uliza wanaanza kusumbua saa ngapi usiku. Na ukiambiwa panya huuma huku akipuliza, usicheke kama msomi. Uliza ni nani aliyeamka na alama kisiginoni, na analala kitandani au chini. Mara nyingi ni mtoto, na mara nyingi ni wa mkekani, karibu na gunia la mchele. Hapo ndipo mtego wa kesho unakwenda.

Mbwa na popo kwa kifupi, maana si kazi yetu ya kila siku. Chanjo ya kichaa cha mbwa ipate kabla ya kuanza. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ulichanjwa. Popo aliyeanguka chini asiokotwe kwa mkono mtupu.

Homa ndiyo ninayoihofia kwenu kuliko meno. Utafiti uliofanyika Moshi kati ya 2007 na 2008 uliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Madaktari waliwaandikia malaria 528. Waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14, na baadhi ya hao wengine walikuwa na magonjwa ya wanyama, leptospira ikiwamo. Basi ukipata homa ndani ya mwezi mmoja baada ya kutega, hasa misuli ya mashavu ya miguu ikiuma na macho yakiwa mekundu, pima malaria kama kawaida, lakini mwambie daktari kwa kinywa chako kwamba unashika panya. Hatauliza. Ikigundulika mapema, dawa za kawaida kama doksisaiklini zinaitibu. Ukisubiri mpaka macho yawe ya njano, figo na ini vinaweza kuwa vimeshaingiliwa.