Mwalimu Tusaidie: Mlinganyo wenye kipeo cha 3

SWALI: Shikamoo mwalimu, nimepewa x³ − 4x² + x + 6 = 0, fomula ya kwadratiki haiingii hapa, sa naanzia wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Anza na hiyo 6 ya mwisho, maana kama kuna jibu ambalo ni namba kamili basi lazima liwe kigawo chake, yaani 1, 2, 3, 6 au hasi zake, we jaribu −1 uone: −1 − 4 − 1 + 6 = 0, umeshapata moja! Gawanya mlinganyo wote kwa x + 1, hapo kuwa makini sana na alama za hasi ndo wengi wanapopotelea, inabaki x² − 5x + 6, inakupa 2 na 3. Vigawo vyote vikigoma, chora grafu uone inakata wapi mstari wa x. Fomula ya kutatua milinganyo ya kipeo cha 3, ya mwanahisabati Mwitaliano Cardano ya 1545, ipo, ila ndefu mno kwa mtihani.