Kwa Nini Bushi Mpya Hufa Upesi

Wenye magari makuukuu hapa Malindi hulalamika kwamba bushi za siku hizi, vile vipande vya mpira kwenye viungo vya magurudumu, hazidumu, na lawama zote humwangukia muuza vipuri. Vipuri bandia vipo, sikatai. Lakini kwa jinsi nilivyozoea kulitengeneza Corolla langu la miaka ya tisini mwenyewe uani, naamini kwamba bushi nyingi huharibiwa siku ile ile zinapofungwa, pale bolti inapokazwa gurudumu likiwa linaning'inia.

Bushi ni mpira ulioshikamana na kibomba cha chuma kilicho katikati yake. Bolti ikishakazwa, kibomba hicho hakizunguki tena, na kinachojipinda ni mpira wenyewe kila mara mkono wa gurudumu, yaani chuma kinacholiunganisha gurudumu na gari, unapopanda na kushuka. Ukikaza mkono huo ukiwa umelegea chini kisha ukashusha gari, mpira hubaki umesokoteka hata gari likiwa limeegeshwa, na mashimo ya barabara za huku ndani, kama ile ya kwenda Marafa, humalizia kuuchana. Kwa hiyo zizungushe bolti zote hadi ziguse tu, rudisha magurudumu, shusha gari juu ya mbao nene zitakazokupa nafasi ya kuingiza spana, zuia magurudumu yasisogee, litikise gari mara kadhaa ili likae sawa, ndipo ukaze kwa kiwango kilichotajwa katika kitabu cha gari hilo.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha kilichochakaa ni nini. Inua gurudumu, lishike juu na chini ulitikise, halafu kushoto na kulia. Kisha tumia mtaimbo kuusukuma mkono taratibu huku ukiitazama bushi kama imepasuka au imeachana na chuma. Shokabu inayovuja mafuta haihitaji mjadala, na hubadilishwa pamoja na ya upande wa pili.

Nyua zetu nyingi ni mchanga, na jeki huzama humo. Weka ubao mpana chini ya jeki na chini ya stendi ya kulishikilia gari, na usiingie kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Springi ya mbele nayo imebanwa kwa nguvu inayoweza kuua: nati ya juu ya shokabu haifunguliwi mpaka springi ibanwe kwa vibanio viwili vinavyoelekeana, na asiyekuwa navyo ampelekee fundi kazi hiyo pamoja na ile ya kuingiza bushi kwa presi, mashine ya kukandamiza.

Chumvi ya bahari hugandisha bolti ndani ya kibomba. Zisugue kwa brashi ya waya, uzitie mafuta ya kulegeza kutu jioni ya kuamkia kazi, na wakati wa kurudisha upake grisi kidogo kwenye shina la bolti. Mpira usiuguse kwa grisi wala mafuta ya injini, kwani huvimba na kulainika. Maji ya sabuni yanatosha kuutelezesha.

Mwishowe peleka gari likapangwe magurudumu, lakini baada ya bolti zote kukazwa na kukaguliwa upya, kwa maana mkono ukisogea hata kidogo baada ya kupimwa, tairi zitalika upande mmoja.