Kabla ya Kupandisha Kifurushi, Pima Nyumba Yako

SWALI: Habari za kazi, Mhariri. Ninaishi Tabata katika nyumba ya vyumba vitano, na sebule ya mbele nimeigeuza kuwa steshenari. Faiba imeingia hapo hapo sebuleni, na kifurushi chetu ni cha megabiti 20 kwa sekunde. Mbele hakuna tatizo, lakini katika chumba cha nyuma, ambako binti yangu hufuatilia masomo ya chuo kwa video, picha inaganda kila mara. Fundi amenishauri nipandishe kifurushi hadi megabiti 40. Je, nilipe? (Mama wa steshenari, Tabata)

JIBU: Mama, usilipe kwanza. Intaneti inafika nyumbani kwako vizuri, ndiyo maana wewe wa mbele hulalamiki. Inapotelea njiani kuelekea nyuma. Ili uwe na hakika, chukua kalamu na karatasi, vitu ambavyo steshenari haikosi, kisha fungua tovuti ya fast.com na upime mara tatu: kwanza kwa kompyuta iliyochomekwa kwenye ruta kwa kebo, pili kwa simu ukiwa umesimama hatua mbili kutoka kwenye ruta, na tatu kwa simu hiyo hiyo ukiwa chumba cha nyuma. Ukiona 19, 18 halafu 2, basi kifurushi hakina kosa lolote, na megabiti 40 zitaishia pale pale zilipoishia hizi 20. Ikiwa kipimo cha kwanza ndicho kilichoanguka, hapo mpigie mtoa huduma na umsomee tarakimu zako. Zipo pia siku ambazo hata yeye hana la kufanya upesi, kama tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu kwa wakati mmoja na intaneti ikazorota nchini. Usishtuke pia ukiona faili linashuka kwa megabaiti 2.5 tu kwa sekunde, kwa sababu baiti moja ni biti nane, na hizo 2.5 ndizo megabiti zako 20.

Sasa tuje kwenye chumba cha nyuma. Ruta ni redio, na nyingi za siku hizi hurusha mawimbi katika mikanda miwili: wa gigahezi 2.4, unaofika mbali na kupenya ukuta kwa nafuu, na wa gigahezi 5, wenye kasi zaidi lakini unaochoka mapema. Nyumba zetu za tofali za saruji, zenye nguzo za zege na nondo ndani yake, huunyonya huo wa pili hata kabla haujavuka ukuta wa pili. Simu ya binti ikiung'ang'ania, video itaganda. Kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya ruta, uipe mikanda hiyo majina mawili tofauti, na kule nyuma atumie 2.4. Kwa kuwa majirani nao wanajazana humo humo, chagua chaneli ya 1, 6 au 11, yaani ile ambayo wengi hawaitumii, maana hizo tatu haziingiliani.

Angalia pia mahali ilipo ruta. Mimi mwenyewe nililipia kifurushi kikubwa kwa miezi mitatu kabla ya kutambua kwamba ruta yangu ilikaa nyuma ya friji, kwa sababu tu soketi ilikuwa hapo. Niliipandisha juu ya kabati, na malalamiko ya nyumbani yakaisha jioni ile ile.

Iwapo hayo hayatatosha, watu watakushauri ununue ripita, kifaa kinachopokea Wi-Fi na kuirusha tena mbele. Ripita nyingi za bei ndogo hupokea na kurusha kwa redio moja, hivyo hula karibu nusu ya kasi. Ningekuwa wewe, ningepitisha kebo ya mtandao ya aina ya Cat 5e juu ya dari, mbali na nyaya za umeme, hadi chumba cha nyuma, na kuweka huko ruta ya pili, hata ile ya zamani iliyo kabatini. Kebo hiyo hufika mita 100 bila kuchoka. Kwenye ruta ya pili, zima huduma ya DHCP, yaani ile inayogawia vifaa anwani za mtandao, ibadilishie ruta hiyo anwani yake isigongane na ya kwanza, na uchomeke kebo kwenye tundu la LAN, si la WAN. Ukienda Kariakoo kununua kebo, omba ukwangue uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe ndani ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, irudishe.

SWALI: Mimi ni mpangaji Mwananyamala, na tunatumia Wi-Fi ya mwenye nyumba. Je, anaweza kusoma meseji zangu za WhatsApp? (Mpangaji)

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Meseji za WhatsApp hufungwa kwenye simu yako na kufunguliwa kwenye simu ya unayemwandikia, na ruta iliyo katikati huona fumbo tu. Anachoweza kuona, akiwa na ujuzi na nia, ni majina ya tovuti unazotembelea, saa unazozitembelea na kiasi cha data unachotumia. Ninachokihofia zaidi ni nywila ya Wi-Fi ambayo haijabadilishwa tangu mpangaji wa kwanza, kwa sababu waliokwisha kuhama bado wanaweza kuingia wakiwa barabarani. Mwombe mzee aibadilishe kila mpangaji anapoondoka, achague ulinzi wa WPA2 au WPA3, na abadilishe pia nywila ya kuingilia kwenye mipangilio ya ruta yenyewe, ile ambayo mara nyingi imeachwa kama ilivyobandikwa chini ya ruta siku iliponunuliwa.