Maswali ya Wasomaji: Kidepo, Twende Mwezi Gani?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Jinja. Pamoja na mke wangu, watoto wawili na mama mkwe, ambaye ana pumu, tumekusudia kwenda kuiona Hifadhi ya Taifa ya Bonde la Kidepo huko Karamoja, hapa hapa Uganda. Nafasi tunayoipata ni ya likizo tu, ama Agosti ama Desemba na Januari. Mimi naegemea Agosti, kwa kuwa huku kwetu mwezi huo huwa mkavu kiasi, na jamaa mmoja amenionya kwamba kiangazi cha kule upepo hung'oa mahema. Je, nimepanga vema? — Mwalimu, Jinja

JIBU: Mwalimu, hesabu yako ya mvua ni sahihi kwa Jinja, na hiyo hiyo ndiyo itakayokupotosha Karamoja. Sisi tunaoishi karibu na Ziwa Viktoria tumezoea mvua za mara mbili kwa mwaka, za Machi hadi Mei na zile zinazorudi kuanzia Septemba. Kidepo, ambayo iko pembe ya kaskazini mashariki kabisa, mpakani na Sudan Kusini, ina msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza karibu na Aprili na kukatika Septemba au Oktoba. Agosti unayoiona wewe kuwa nafuu, kule ni katikati ya mvua.

Sisemi kwamba mvua yenyewe ni mbaya, kwani mabonde huwa ya kijani na milima inapendeza. Taabu iko chini, kwenye udongo ule mweusi, ambao wakati wa jua hupasuka nyufa za kuingiza kiganja, na ukilowa hugeuka gundi. Mara moja nilikwama humo Agosti tangu asubuhi hadi saa nane mchana: matairi yalikuwa yamevaa tope mpaka meno yake hayaonekani, na kila tawi tulilotandika chini ya gurudumu lilizama. Tulipofika, majani yalikuwa marefu kiasi kwamba tuliona masikio ya nyati tu. Simba waliojionyesha ni wale waliopanda juu ya miamba, nao pia, nadhani, walikuwa wakitafuta mahali pa kuona mbali.

Kiangazi, yaani Novemba hadi Machi, mambo hugeuka. Hifadhi hii yenye kilomita za mraba 1,442 ina mabonde mawili: la Narus upande wa kusini, ambalo hupata takriban milimita 890 za mvua kwa mwaka, na la Kidepo upande wa kaskazini, ambalo hupata karibu 640 tu. Mto Kidepo hukauka ukabaki njia pana ya mchanga mweupe iliyopangiwa miti ya mivumo kandokando. Narus hubakiwa na madimbwi, na wanyama hawana budi kuyafuata. Hapo ndipo makundi makubwa ya nyati, tembo na pundamilia huonekana bila kuhangaika, na kwa bahati njema hata duma, ambaye katika mbuga nyingi za nchi yetu hutamwona kamwe.

Sasa upepo. Jamaa yako hakukudanganya. Kiangazi huvuma upepo mkavu wa joto kutoka mashariki, nao hubeba vumbi na, wakati nyika inapochomwa, moshi na majivu pia. Jirani zetu wa Kenya, upande wa Ziwa Turkana, wamesimamisha mitambo 365 ya umeme wa upepo, jambo linalotosha kukueleza hali ya hewa ya ukanda ule. Kadiri kiangazi kinavyoendelea ndivyo majani yanavyozidi kukauka na vumbi kuongezeka, hivyo mwisho wa Januari na Februari ndio wakati wa wanyama wengi zaidi na pia wa hewa chafu zaidi. Ningekuwa nasafiri peke yangu ningechagua Februari bila kusita. Wewe una mgonjwa wa pumu, kwa hiyo nenda Desemba, mara tu shule zinapofungwa. Majani yatakuwa bado yamesimama mahali pengine na utawakosa wanyama kadhaa, lakini vumbi halijakolea, na Mlima Morungole, wenye mita 2,750, huonekana vizuri zaidi kabla ukungu wa vumbi haujaufunika.

Mama asilale hemani. Apoka, ndani ya hifadhi, kuna vibanda vya Mamlaka ya Wanyamapori, na mlango unaofungwa humfaa kuliko turubai linalopigapiga usiku kucha. Kabla ya safari aonane na daktari wake, na dawa yake ya kuvuta aiweke mkobani mwake, isifungwe kwenye mizigo ya nyuma. Tembeeni asubuhi mapema, kabla upepo haujashika kasi, na mkilifuata gari jingine punguzeni mwendo mpaka vumbi lake litue. Mafuta jazeni Kitgum au Kaabong, kutegemea njia mtakayopita.

SWALI: Nitakuwa Kidepo mwezi wa Julai kwa shughuli za kikazi. Naweza kufika kwenye chemchemi za maji moto za Kanangorok? — Msomaji, Gulu

JIBU: Huenda, lakini usiahidi mtu picha. Chemchemi hizo ziko ng'ambo ya Mto Kidepo, karibu na mpaka, na mto huo wa mchanga unaweza kujaa maji ghafla kwa mvua iliyonyesha milimani, hali wewe ulipo ni jua kali. Waulize askari wa hifadhi asubuhi hiyo hiyo, si jana yake, na wakikwambia rudi, rudi.